Maji Haya Yametiwa Dawa

Nikiulizwa nafanya kazi gani, hujibu kwamba nayatia maji dawa, kisha namtazama usoni aliyeniuliza. Wengi husema "mashallah" wakidhani ni maji ya bombani. Sina haraka ya kuwasahihisha. Nikiongeza kwamba maji yenyewe ni yale waliyooga jana, yale waliyofulia, na yale ya chooni pia, mkono ulionipa salamu hurudi nyuma taratibu. Nimezoea, na kusema kweli huwa nacheka moyoni.

Mtambo wetu ni mdogo. Uko Mishomoroni, nyuma ya nyumba za kupanga, umezungukwa na ukuta mrefu, na langoni hapana maandishi ila neno moja: MAJI. Uchafu wa mtaa mzima huingia upande mmoja. Taka huachwa zizame, maji huvurugwa kwa hewa, hutulizwa tena, kisha huchujwa kwa mchanga. Hapo huwa yameshaanza kung'ara na mtu asiyejua angeyatia kwenye bilauri, ilhali bado yana vijidudu vya kumlaza mtu kitandani wiki nzima. Ndipo yanapofika kwangu.

Mimi huchanganya unga wa klorini ndani ya pipa la bluu, na pampu ndogo huidondosha ile dawa pale maji yanapoingia kwenye tangi la mwisho. Tangi hilo lina kuta za ndani zinazoyalazimisha maji kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, muda wa nusu saa, hadi dawa iue ilichotumwa kuua. Yakitoka, nachota kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge cha kupimia. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Waridi ikikolea mno, nimezidisha. Yakibaki meupe, nimepunja, na lazima nirudi nyuma nitafute kosa kabla hayajateremka kwenye mikoko. Nimeolewa, nimezaa, nimekwenda harusi nyingi nzuri, lakini sijui kitu kinachonichangamsha saa mbili asubuhi kama kile kichupa cha waridi iliyokaa sawasawa.

Mama yangu anakaa vichochoro viwili kutoka hapo na alikuwa hajapata kukanyaga kazini kwangu. Yeye ana miasumini yake. Uani kwake imepangana ukutani tangu sijazaliwa, na kila harusi ya ukoo wetu imenukia kwa asumini za ua huo. Yeye huzichuma alasiri zikiwa bado zimefumba, akazitunga kwa uzi pamoja na majani ya mrehani kuwa vikuba, na zikifunguka jioni huwa tayari ziko vifuani na vichwani mwa watu. Mimi mwenyewe niliolewa nikiwa nimezibeba kichwani. Nilipata kizunguzungu kwa ile harufu, na ndiyo kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote za siku hiyo, mume wangu anisamehe.

Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Harusi ilipangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, miezi mitatu mbele, na miasumini ilikuwa inakufa. Kisima cha uani kilikuwa kimegeuka chumvi, kama visima vingi vya upande wetu. Majani yalianza kuungua pembeni, yakawa hudhurungi, yakaanguka. Maji ya kununua kwenye mkokoteni yalikuwa ya kunywa na kupikia, na hayo nayo kwa hesabu. Nani angeyamwaga chini ya mti? Mama alikuwa akiyakusanya maji ya kuoshea mchele na kuyagawa kijiko kwa kijiko, akisema na kila mti. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye kibao mbele ya mti mkubwa kuliko yote, mikono mapajani, hasemi kitu. Iliniuma. Mama yangu si mtu wa kukaa kimya.

"Mama," nikamwambia, "mimi nina maji."

"Maji gani?"

"Ya kazini. Tunajenga tangi la kumwagilia maua. Yamesafishwa, yametiwa dawa, yamepimwa."

Alinigeukia taratibu. "Maji ya choo?"

"Yalikuwa."

"Wataka nimvishe mwanangu maji ya choo kichwani siku ya harusi yake? Astaghfirullahi. Ndiyo kazi niliyokusomeshea hii?"

Nilimpigia simu mjomba wangu anayesomesha chuo cha Kurani, nikijua yeye atanitetea. Alinitetea. Alimwambia dada yake kwamba mti hautawadhi, na kwamba hata samadi humwagwa shambani na watu wakala mchicha. Mama akamjibu kwamba yeye, mjomba, havai kikuba, na akakata simu. Nami nina hasira za karibu. Nilifunga mlango kwa kishindo, nikarudi kazini nikinung'unika njia nzima.

Tangi likajengwa nyuma ya mtambo, kwenye ukuta wa kichochoroni, na bomba lake likatokezwa nje ili vijana wa bustani ya mtaa wachote bila kuingia ndani. Kabla halijajazwa tulipeleka chupa za maji maabara mara tatu, na mara tatu majibu yakaja kwamba vijidudu vile vya choo havikuonekana. Mwenzangu wa zamu, Mgiriama mmoja mtu mzima aliyeifanya kazi hii kabla sijaenda shule, alicheza pale pale mbele ya pipa la klorini, na nikacheza naye. Msimamizi wetu, kijana wa bara mwenye haraka, alitukuta hivyo akauliza kama kuna harusi. Nilimwambia ipo, lakini bado.

Alitupa masharti. Maji yale ni ya maua, miti na nyasi tu. Mtu akionekana anayanywa, bomba linafungwa siku hiyo hiyo na halifunguliwi tena. "Andikeni kibao," akasema. "Kiswahili nawaachia nyinyi wenyewe, watu wa Pwani."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwenzangu alishauri tuandike MAJI YA CHOO, basi, yaishe. Nikaona aibu, kazi yangu yote ya nusu saa ya kwenda na kurudi, halafu tuyaite hivyo? Nilitaka neno lenye heshima na lenye kutisha pamoja. Kichwani mwangu dawa ni ile ya kwenye pipa la bluu, inayotoboa nguo na kukaba koo ukifunua kifuniko vibaya. Sisi kazini tukisema "pana dawa hapo" mtu huruka. Nikachukua brashi na rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa, mkono wangu mzuri: MAJI HAYA YAMETIWA DAWA. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakitazama kibao changu. Nilijiona nimemaliza.

Asubuhi yake nilipokunja kona ya kichochoro nilikuta foleni ya mitungi.

Sikuelewa. Kina mama, kina bibi, mitungi ya manjano imepangwa ukutani mpaka kwenye duka la mkaa, na bomba langu linamwaga kwa nguvu. Kila mtu alikuwa na furaha. Mmoja alinishika mkono akaniambia alhamdulillahi, hatimaye tumekumbukwa, maji yaliyotiwa dawa mlangoni! Jirani anayefanya kazi hotelini Bamburi aliyanusa akathibitisha kwa sauti kwamba ni maji ya hali ya juu, yananuka kama bwawa la kuogelea la wageni. Na nyuma kabisa palikuwa na bibi mmoja na chupa ndogo ya soda. Nilimuuliza chupa ya nini. Akanieleza kwa upole kwamba yeye hakuja kwa maji, alikuja kwa dawa, magoti yanamsumbua.

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Neno lile lile! Kwa msimamizi dawa ni ulinzi, kwangu ni hatari, kwa mtaa mzima ni maji yasiyohitaji kuchemshwa, na kwa yule bibi ni shifaa ya magoti. Nilikuwa nimewaandikia mwaliko kwa rangi nyekundu.

"Msiyanywe!" nikapiga kelele. "Jamani, ni maji taka!"

"Taka gani nawe," akajibu yule wa hotelini, "na kibao kimeandika yametiwa dawa?"

Mwenzangu alifunga bomba, nami nikasimama juu ya tofali nikaeleza. Nilieleza vizuri, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Wengine walimwaga pale pale. Lakini wa kwanza kwanza walikuwa wamekwisha kuondoka na mitungi yao, na msimamizi hufika saa tatu. Tulikuwa na muda usiozidi saa moja.

Tuligawana vichochoro. Hodi, shikamoo, samahani mama, yale maji. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa amekunywa; ile harufu iliwafanya wayaache yapoe kwanza, kama walivyosema. Nyumba moja walikuwa wamefulia mapazia, na mapazia, nakiri, yalikuwa yamependeza. Yule bibi wa chupa nilimkuta barazani kwake amekwisha kujipaka magotini, akaniapia wallahi yamekuwa mepesi. Nilimwosha kwa sabuni na maji yake ya kunywa, naye akacheka muda wote kwa sababu ana mtekenyo.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mama yangu.

Nilisikia sauti yake kabla sijabisha. Jirani yake alikuwa amemletea mtungi kama zawadi, na mama alikuwa amechota kwenye bakuli lake jeupe la kauri, amelipeleka juani, anayasifu. "Tazama yalivyo maangavu! Naona mpaka ua la chini ya bakuli. Miaka mingapi sijaona maji kama haya Mishomoroni?" Kisha akaniona. "Mwanangu, njoo uone maji. Haya ndiyo maji, si yale yako."

Jirani alitabasamu. Mimi nilitafuta mahali pa kuangalia, nikaangalia miasumini.

"Mama, hayo ndiyo yangu."

Alilitazama bakuli. Alinitazama mimi. Jirani akakumbuka ameacha sufuria motoni, akaondoka. Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea kwa kuwa nilistahili mwaka mzima wa matusi kwa kile kibao. Lakini mama aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo.

"Mbona hayana rangi?"

"Kwa sababu ni maji, mama."

Alilimwaga bakuli kwenye mfereji, si kwenye miti, akaliosha mara saba. Nilirudi kazini nikiwa nimenyong'onyea. Msimamizi alikuwa amefika na amekwisha kusikia yote kutoka kwa muuza mkaa. Alikuwa na haki ya kulifunga bomba, na alianza kusema hivyo, lakini alipofika kwenye magoti ya bibi alishindwa, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Akatupa nafasi moja ya mwisho. Mwenzangu aliandika kibao kipya na hakuniruhusu kushika brashi: MAJI YA MAUA. SI YA KUNYWA, SI YA KUPIKIA, SI YA KUOGA. YALIKUWA YA CHOO. Baada ya hapo hakuna aliyeleta chupa tena.

Kesho yake, saa nne, mwenzangu aliniita kwa sauti ya ajabu. Mama yangu alikuwa langoni, buibui safi, bakuli la kauri chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Nilimwonyesha kila kitu, tangu pale maji yanapoingia. Aliziba pua kwa ncha ya mtandio lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Alitaka kujua kila tangi lafanya nini. Alisimama muda mrefu kwenye tangi langu la kwenda na kurudi, akafuata maji kwa kidole hewani, kona baada ya kona. Nilipompimia kichupa na maji yakageuka waridi alisema "ala!" kama msichana, akataka nirudie.

Tukafika kwenye bomba la nje. Alikinga bakuli.

"Mimi nilisoma chuoni zamani," akasema. "Tulifundishwa, maji yakiingiwa na najisi, yatazame mambo matatu. Rangi, harufu, ladha." Aliinua bakuli kwenye mwanga. "Rangi sawa." Akalisogeza puani. Uso ukakunjamana. "Harufu imebadilika."

"Hiyo ni dawa, mama."

"Sikuuliza ni ya nini. Imebadilika."

Na alikuwa na haki, hata kwa kanuni zangu. Tangi lilikuwa limejazwa asubuhi ile, klorini ilikuwa bado kali, na klorini kali huunguza mizizi kama inavyoua vijidudu. Maji ya maua lazima yakae kwanza juani, wazi, hadi dawa ipotee. Mimi niliyejifanya mjuzi, nilikuwa karibu kumpa mama maji ambayo yangeimalizia miasumini yake kwa mikono yangu. Nilimwambia hivyo, bila kuficha. Nikamwomba aje baada ya siku mbili.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema.

"Najua."

Aliondoka bila kuaga. Siku mbili zile nilikwenda kwenye tangi kila nilipopata nafasi, na kila nilipopima waridi ilikuwa imefifia zaidi. Siku ya pili alasiri kichupa kilibaki cheupe. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilifurahia kichupa cheupe.

Mama alikuja na bakuli lake. Rangi akaitazama, akaridhika. Harufu akainusa mara mbili, akafumba macho, akanusa tena. "Hakuna kitu," akasema. Kisha akalishusha bakuli mdomoni.

"Mama, la!" Niliushika mkono wake kwa nguvu nisizotumia kwa mama yangu, na maji yakatumwagikia sote wawili kifuani.

"Ladha imebaki," akasema.

"Hayanywewi. Nimeyapima, nimeyatia dawa, nimeyaweka juani, na bado siwezi kukuruhusu uyanywe. Kwa maua yanafaa. Kwa mdomo wako, hapana."

Tulisimama hivyo, mkono wangu juu ya wake, mwenzangu wa zamu akijifanya anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilidhani yameisha. Bila jambo la tatu hesabu yake haikamiliki, na mama yangu hajawahi kuacha hesabu nusu.

"Rangi nimeiona kwa mato yangu," akasema polepole. "Harufu nimeinusa mwenyewe. Ladha, basi, nakuamini wewe."

Niliitikia "abee", neno la mtoto aliyeitwa, ingawa hakuwa ameniita.

Mkokoteni wa kumpelekea mama maji yale ulianza kazi wiki ile ile, mitungi yake imezungushiwa mstari mwekundu ili isichanganyike na ya kunywa. Mama aliyamwaga maji mengi mara ya kwanza, mpaka ardhi ikalegea na chumvi ikateremka, kama nilivyomwelekeza, na alinielekeza mimi nirudi nyuma nisikanyage mizizi. Ramadhani ilipoingia palikuwa na majani mapya, madogo, yanang'aa. Kumi la mwisho nilifuturu kwake, nikasikia ile harufu kabla sijavua viatu. Mdogo wangu alikuwa uani analia na kucheka, ameshika ua moja tu. Nikalia naye.

Siku ya harusi tulichuma makapu mawili, nasi tukiwa wanne na vidole vyetu vimechoka. Usiku wa wanawake ukumbi mzima ulinukia. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa Mjini, mwenye sifa ya kutosifu kitu, alikivuta kikuba chake puani, akamwuliza mama kwa sauti iliyofika meza tatu: asumini nono hivi, enzi hizi za visima vya chumvi, azimwagilia nini?

Niliinamisha kichwa. Nilimwombea mama apate jibu lolote la kuficha, sikumlaumu hata kidogo. Ni harusi ya mwanawe, wageni wako kimya, na wakwe wametega masikio.

"Maji ya choo," akasema mama.

Shangazi alibaki na kikuba mkononi.

"Yaliyosafishwa na huyu," akaendelea, akanishika bega na kunisogeza mbele ili wanione vizuri. "Mwanangu wa kwanza. Ndiyo kazi yake, na naijua hatua kwa hatua. Kaa nikueleze."

Alimweleza kuanzia lango la kwanza, tangi kwa tangi, na kidole chake hewani kilifuata zile kona zote bila kuruka hata moja. Alipofika kwenye waridi watu walikuwa wamesogeza viti. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kikuba, akakirudisha puani, akavuta pumzi ndefu.

"Nami nina miwaridi inakufa," akasema. "Mkokoteni huo wafika Mjini?"